Kama Huna Hakika, Jibu N

Kompyuta yangu ni ThinkPad ya mtumba. Niliinunua Kariakoo, na kwa kuitazama kibodi tu nilijua kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa Mjerumani: Y na Z zimebadilishana mahali. Hadi leo nikitaka Y nabonyeza kitufe kilichoandikwa Z. Nalitaja hili kwa sababu kazi ninayotaka kuisifu, ya kujipikia kiini cha Linux nyumbani, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kujibu Y au N.

Kiini ni programu iliyo chini ya programu zote. Ndiyo inayozungumza na diski, inayogawa kumbukumbu, inayoamua nani apate prosesa sasa na nani asubiri zamu. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa na kiini cha Linux, na tangu Novemba 2017 zile kompyuta 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani zinakitumia zote. Wengi wetu hukipokea kikiwa kimeshapikwa na watu wa Ubuntu au Fedora, nao hukipika kama pilau la harusi, kila mgeni akute chake. Hakuna ubaya. Ila mimi nilitaka chungu cha watu wa nyumbani.

Nikapakua toleo la 6.6, takriban MB 140 za bando, nikalifungua, nikaandika make menuconfig. Ikatokea menyu ya rangi ya buluu, orodha ndani ya orodha, maswali zaidi ya 10,000 ukiyahesabu yote. Ukijibu Y, kitu kinaunganishwa ndani ya kiini chenyewe. Ukijibu M, kinajengwa pembeni kama moduli, kiitwe siku kikihitajika. Ukijibu N, hakijengwi. Maswali mengi yana maelezo yake, na maelezo hayo mara kwa mara humalizia kwa ushauri uleule: kama huna hakika, jibu N. Nimewahi kupewa ushauri mbaya kuliko huo na watu wazima wenye mvi.

Hapa ndipo penye utamu, na wanaokimbilia kuuliza kama kompyuta itaongeza kasi wanapapita bila kuona. Nilikaa na menyu ile jioni tatu. Nilijua kadi yangu ya Wi-Fi ni ya Intel, lakini ni ipi? Chipu ya sauti je? Ikabidi niiulize mashine kwa amri ya lspci, kifaa kimoja baada ya kingine, niandike kwenye daftari. Ndipo nikagundua kwamba kompyuta niliyoibeba mgongoni miaka miwili ina kitambuzi cha mtikiso, kilichowekwa ili kuikinga diski ikianguka.

Kwenye orodha ya mifumo ya mafaili nikakutana na Minix. Andrew Tanenbaum, mwalimu wa chuo kikuu kimoja cha Amsterdam, aliitoa Minix mwaka 1987 ili wanafunzi wajifunzie mfumo endeshi. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alikuwa akiitumia alipowatangazia wenzake, tarehe 25 Agosti 1991, kwamba anatengeneza mfumo wake wa kujifurahisha, wala hautakuwa kitu kikubwa. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari kama 10,000 ya msimbo. Hili nililolipakua lina zaidi ya milioni 30. Na mafaili ya Linux ile ya kwanza yalipangwa kwa mtindo wa Minix. Draiva yake ingalimo, kama figa lililobaki uani baada ya nyumba kupata jiko la gesi. Nilijibu N, kwa huzuni kidogo.

Usidhani kazi hii ni ya wahandisi peke yao. Con Kolivas wa Australia ni daktari wa nusukaputi. Mchana alilaza wagonjwa. Usiku, kwa lugha ya C aliyojifundisha mwenyewe, aliandika viraka vya kuifanya kompyuta ya mezani isisitesite. Hoja yake ilikuwa kwamba zamu za prosesa zigawiwe kwa haki. Mwaka 2007 Ingo Molnar aliandika mgawaji mpya wa zamu kwa wazo hilohilo, akamtaja Kolivas kuwa ndiye aliyeonyesha kwamba linawezekana, na mgawaji huyo akaingia katika Linux rasmi. Kolivas akasusa. Baada ya miaka miwili akarudi na mgawaji wake mwingine. Fundi hakai mbali na karakana.

Kujenga kwenyewe hakuna maneno mengi. Unaandika make -j4, feni inaanza kulia, mistari inapanda kwenye skrini, faili moja kila mstari. Unakunywa chai. Kwa mipangilio ya harusi kompyuta yangu ilichukua saa tatu na ushee; kwa mipangilio yangu, dakika 40.

Kiini changu cha kwanza hakikuwaka. Skrini ilijaa maandishi, taa ya Caps Lock ikawa inapepesa. Draiva ya kusomea diski nilikuwa nimeijibu M, nikasahau kutengeneza ile diski ndogo ya muda inayoitwa initramfs, kwa hiyo moduli ya kufungulia diski ilikuwa ndani ya diski hiyohiyo. Ufunguo nimeufungia ndani ya nyumba. Bahati, kile cha zamani sikuwa nimekifuta. Kilikuwa bado kwenye menyu ya GRUB, ya kuchagulia kiini cha kuwasha, kikinisubiri.

Cha pili kiliwaka vizuri, nikajisifu hadi nilipochomeka simu nipate intaneti. Kimya. Nilikuwa nimetumia njia ya mkato, make localmodconfig, inayotazama moduli zinazofanya kazi wakati ule na kuzitupa nyingine zote. Simu haikuwa imechomekwa saa ile, basi kwa kiini changu simu haikuwepo duniani. Nikarudi kwenye kile cha zamani, nikachomeka kila nilicho nacho, simu, flashi, printa ya kuazima kwa jirani, nikaanza upya.

Na ile kasi? Kuwaka kumepungua sekunde chache. Basi. Atakayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia kitu. Tena umejitwisha mzigo: viraka vya usalama vikitoka, hakuna wa kukupikia, unabandika na kujenga mwenyewe. Mimi mzigo huo naupenda, kwa sababu kila kilichomo ndani ya kiini hiki nimekiruhusu kwa kidole changu, kwenye kitufe kilichoandikwa Z.

Ukitaka kujaribu, usifute kiini cha zamani, na chomeka simu kwanza. Kikishawaka, soma faili la /proc/version. Mstari wake unataja aliyekijenga, kompyuta kilipojengewa, na baada ya alama ya reli, kimejengwa mara ngapi katika folda ile. Wa kwangu leo unasoma #11.