Columbo na maungamo ya haraka

Watu wengi wanapenda filmu za Columbo, polisi wa Marekani, ambaye Peter Falk alianza kumucheza mwaka wa 1968. Namna yao ni nzuri: tunamwona muuaji tangu mwanzo, hatuulizi "ni nani?", tunauliza "atakamatwa namna gani?" Lakini mara nyingi mwisho wa hadisi hauna nguvu.

Tutwae ile ya mwaka wa 1974, Negative Reaction. Galesko, mupiga foto, anaua muke wake na kusingizia kwamba alitekwa. Columbo anachapa foto ya marehemu kinyume, hata saa inaonyesha wakati mwingine, kisha anasema foto ya kwanza imeharibika. Galesko anakasirika, anatwaa kati ya aparei nyingi ileile iliyopiga foto ile, apate kujitetea. Kumbe, amejifunua mwenyewe.

Sasa tuulize. Kwanza: mutu aliyepanga kifo kwa akili nyingi vile, atapoteza akili kwa dakika moja? Pili: mbele ya tribinali, avoka wake hatasema kwamba alibahatisha tu, tena polisi ndiye aliyemudanganya? Mutego wa kushika panya haushiki nyati.

Levinson na Link, waliotunga Columbo, walisema walimutoa katika Porfiry, hakimu wa kitabu cha Dostoyevsky cha mwaka wa 1866, Crime et châtiment. Walitwaa hakimu, wakaacha roho ya kitabu. Porfiry naye hana ushuhuda wa kutosha; lakini anamwachia Raskolnikov muda. Sonia anamusomea muuaji habari ya Lazaro katika Evanjili. Siku nyingi za mateso ya moyo zinapita, ndipo anakwenda kwa polisi kwa miguu yake mwenyewe. Hapo tunasadiki, sababu tumeona zamiri ikifanya kazi.

Kosa hili si la sinema tu. Mukristu anayezoea hadisi za namna hii ataanza kufikiri kwamba zambi ni ya mutu mumoja mwerevu, na kwamba kushindwa ni kutubu. Tuangalie Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwezi wa kwanza wa 2004 serikali ilikataza kuchimba pale. Mwezi wa saba udongo ulianguka, wachimbaji 8 wakafa. Muuaji ni nani? Mwenye kununua madini? Mwenye kufumba macho? Mwenye kumutuma kijana shimoni? Hakuna Columbo wa kumaliza jambo hili kwa saa moja, na kila mumoja anaweza kusema: "Si mimi."

Basi, wakatekista, mukifundisha kitubio, musikubali mufano wa Galesko. Yeye alikamatwa, hakutubu. Fundisheni watu kuuliza zamiri yao kabla mutu hajawatega: mukono wangu ulikuwa wapi?