Kilio Kisicho na Maneno: Lahani za Taratibu katika Fidla ya Uskoti

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, kisha kuuliza jinsi ile ya kwanza inavyoyabeba haya ya pili. Utaratibu huo umeleta faida nyingi katika usomaji wa riwaya, tamthilia na ushairi. Hata hivyo, ziko sanaa zinazoutia mashakani. Mojawapo ni lahani za taratibu zinazopigwa kwa fidla katika nchi ya Uskoti. Lahani hizo huwa na jina tu, na mara nyingi jina hilo ni la marehemu. Maneno hazina. Pamoja na hayo, watu ambao hawakumjua marehemu huzisikiliza wakalengwa na machozi.

Makala haya yanachunguza chanzo cha nguvu hiyo kwa kuzitazama lahani tatu: ile ambayo Niel Gow alimlilia mkewe aliyefariki mwaka 1805, ile ambayo James Scott Skinner alimtungia Meja-Jenerali Hector MacDonald mwaka 1903, na ile ya Tom Anderson ya mwaka 1969. Hoja inayotetewa ni kwamba nguvu ya lahani hizi hutokana na kujizuia, wala si na mwendo wa polepole peke yake. Aidha, itaonyeshwa kwamba ukosefu wa maneno, ambao ndio msingi wa uzuri wake, unamwachia msikilizaji kazi ya kuhukumu ambayo muziki wenyewe hauwezi kumfanyia.

2. Ala ya dansi inapolia

Katika karne ya 18 fidla ilikuwa kwanza ala ya kuchezesha watu. Mpigaji aliitwa kwenye arusi, kwenye sherehe za mavuno na katika kumbi za makabaila, naye alipimwa kwa uwezo wake wa kuwainua watu vitini. Dansi mbili zilitawala: rili, ambayo huenda mbio, na ile iliyopewa jina la Strathspey, yaani bonde pana la mto Spey. Hii ya pili hutambulikana kwa mkato wake: mara kwa mara noti fupi huangukia pigo lenye mkazo, na noti ndefu huifuata.

Lahani za taratibu zilipatikana kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni nyimbo za Kigaeli za Nyanda za Juu. Mwaka 1816 Simon Fraser wa Knockie alichapisha mkusanyo mkubwa wa lahani za nyimbo hizo, bila maneno yake. Njia ya pili ni dansi yenyewe. Watunzi kama William Marshall (1748-1833), aliyekuwa msimamizi katika nyumba ya mtawala wa Gordon, na ambaye mshairi Robert Burns alimsifu kuwa wa kwanza miongoni mwa watunzi wa strathspey wa zama zake, waliandika strathspey za mwendo wa pole ambazo zilikusudiwa kusikilizwa kuliko kuchezwa. Kwa hiyo, lahani ya taratibu ni ama wimbo ulioacha maneno yake, ama dansi iliyoachwa na wachezaji. Katika hali zote mbili kipo kitu kilichoondoka, na sikio hutambua pengo hilo hata kabla ya kuelezwa jina la lahani.

Ala yenyewe pia ina mchango wake. Jirani mkubwa wa fidla katika maombolezo ya Uskoti ni zumari ya mfuko wa ngozi. Zumari hiyo ina noti tisa tu. Haiwezi kupaza wala kupunguza sauti, na haiwezi kunyamaza katikati ya lahani. Mpigaji wake huzitenganisha noti kwa vinoti vya haraka vya mapambo. Fidla ilijifunza mapambo hayo, lakini ikaongeza yale ambayo zumari haina: sauti inayoanza kwa unyonge, ikavimba, kisha ikafifia hadi karibu na kimya. Upinde unapogeuka mwelekeo, msikilizaji husikia kitu kinachofanana na pumzi ya mtu anayejikaza asilie. Hapo ndipo hisia zinapozaliwa. Kilio kilichoachiliwa humwonyesha msikilizaji huzuni ya mtu mwingine. Kilio kinachozuiwa humlazimisha yeye mwenyewe akikamilishe.

3. Niel Gow na mkewe

Niel Gow (1727-1807) aliishi Inver, karibu na Dunkeld, katika eneo la Perthshire. Alianza maisha kwa kazi ya ufumaji, akaishia kuwa mpiga fidla mashuhuri kuliko wote wa nchi yake, chini ya ufadhili wa watawala wa Atholl. Watu wa zama zake walisifu hasa nguvu ya upinde wake unapopanda. Alimwoa mke wake wa pili, Margaret Urquhart, mwaka 1768. Wakakaa pamoja kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, hadi mama huyo alipofariki mwaka 1805. Lahani aliyomtungia inajulikana kwa jina refu na la wazi: maombolezo ya Niel Gow kwa kifo cha mke wake wa pili.

Jambo la kwanza linalomshangaza mchunguzi ni kwamba lahani hiyo iko katika skeli ya meja, ile ambayo wanafunzi wa muziki huambiwa kuwa ni ya furaha. Haiko katika skeli ya minori, inayodhaniwa kuwa ndiyo makao ya huzuni. Kama huzuni ingekuwa suala la skeli tu, lahani hii isingemliza mtu. Tena, mapigo yake ni yale ya sita kwa nane, mapigo ambayo yakiharakishwa humfanya mtu aruke. Mzee wa karibu miaka themanini, aliyetumia maisha yake kuwachezesha wengine, hakutafuta lugha mpya ya kumlilia mkewe. Alichukua ile ile aliyokuwa nayo, akaipunguza mwendo.

Umbo lake pia ni la kawaida: sehemu mbili fupi, kila moja ikirudiwa. Sehemu ya pili hupanda juu kuliko ya kwanza, kisha hushuka taratibu hadi ilikoanzia. Hakuna tamko la majonzi linalozidi kipimo. Katika kupanda huko msikilizaji husikia kitu kama kumbukumbu ya furaha, na katika kushuka husikia kukubali. Msomaji anayezijua mbolezi za Kiswahili atatambua tofauti. Mbolezi humtaja marehemu, huhesabu sifa zake, na huwaita waliobaki washiriki kilio. Lahani ya Gow haihesabu sifa yoyote ya Margaret. Haituelezi alikuwa mtu wa namna gani. Inatuonyesha tu jinsi nyumba ilivyokuwa baada yake.

4. Skinner na shujaa wa Omdurman

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Hector MacDonald alizaliwa mwaka 1853 katika familia ya mkulima mdogo wa Nyanda za Juu. Aliingia jeshini akiwa askari wa kawaida, akapanda hadi cheo cha meja-jenerali, jambo ambalo lilikuwa nadra sana katika jeshi la Uingereza la wakati ule. Mwaka 1903, akiwa kamanda wa majeshi huko Ceylon, alikabiliwa na tuhuma za mwenendo mbaya. Tarehe 25 Machi mwaka huo alijiua kwa risasi katika hoteli mjini Paris. Alizikwa Edinburgh alfajiri, kimyakimya, bila heshima za kijeshi ambazo cheo chake kilistahili. Baadaye maelfu ya watu walifika kulizuru kaburi lake.

Skinner (1843-1927), mwalimu wa dansi na mpigaji aliyejulikana kama mfalme wa strathspey, alimtungia lahani iitwayo Hector Shujaa. Ingawa yapo maneno yaliyotungiwa lahani hiyo, wapiga fidla huipiga bila maneno, na ndivyo ilivyoenea duniani. Hii nayo iko katika skeli ya meja. Mwendo wake wa mapigo matatu ni wa heshima, nao unafanya lile ambalo wakubwa hawakulifanya: unampa marehemu mazishi ya mchana. Haukanushi tuhuma wala haumtetei mtu. Unasimama tu mbele ya kaburi kwa adabu, kama anavyosimama jirani ambaye hakuulizwa maoni yake.

Hata hivyo, mhakiki wa Kiafrika hawezi kuishia hapo. Ushujaa unaotajwa katika jina la lahani ulipatikana wapi? Sifa kubwa ya MacDonald ilitokana na vita vya Omdurman nchini Sudan, tarehe 2 Septemba 1898. Siku hiyo Wasudani zaidi ya elfu kumi waliuawa kwa bunduki na mizinga, ilhali waliouawa upande wa Uingereza na Misri hawakufika mia moja. Askari aliowaongoza MacDonald mwenyewe walikuwa Wamisri na Wasudani. Hakuna lahani ya Skinner kwa ajili ya wafu hao, wala jina lake halimkumbushi msikilizaji kwamba waliwahi kuwapo.

Je, kwa sababu hiyo lahani ipoteze thamani? Jibu linahitaji uangalifu. Kama ungekuwa utenzi wa kusifu vita, mhakiki angeyapima maneno yake na kuyahukumu. Lakini noti za Skinner hazisifu vita. Jina ndilo linalosifu. Lahani yenyewe inamlilia mtu aliyeinuliwa na dola ilipomhitaji, na kutupwa ilipomwonea haya. Msikilizaji wa Khartoum anaweza kuisikia huzuni hiyo bila kukubali ushujaa huo. Papo hapo, lazima ikiriwe kwamba muziki usio na maneno ni mwepesi wa kufunika. Uzuri wake humtuliza msikilizaji kabla hajauliza swali. Kwa hiyo, kulichunguza jina na historia yake ni sehemu ya usikilizaji kamili, na anayedai kwamba inatosha kusikia tu anajinyima nusu ya kazi.

5. Taa zilizozimika Eshaness

Mfano wa tatu unatoka visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Tom Anderson (1910-1991) alizaliwa Eshaness. Mwaka 1969, usiku wa mwezi wa Januari, alikuwa akiondoka katika eneo hilo. Alipogeuka nyuma juu ya kilima aliona taa chache sana zikilinganishwa na zile za utoto wake, nazo zikawa zinazimwa moja baada ya nyingine. Mkewe alikuwa amefariki siku si nyingi kabla. Kutokana na mambo hayo mawili alitunga lahani ambayo jina lake, katika lahaja ya Shetland, maana yake ni Taa Iliyozimika.

Hapa kilio cha mtu mmoja na kilio cha jamii vimeungana pasipo kutenganishwa. Shetland ilikuwa na wakazi zaidi ya 31,000 mwaka 1861. Mwaka 1961 walikuwa wamepungua chini ya 18,000. Lahani haitaji takwimu hizo, wala haimtaji mke. Jina lake linasema taa tu. Kwa kuwa halikutaja mtu, kila msikilizaji huweka humo taa yake mwenyewe. Pengine ndiyo sababu lahani hii hupigwa leo na watu wengi ambao hawajawahi kufika Eshaness.

Inafaa kuongeza kwamba Anderson hakuishia katika kulia. Alikusanya lahani za wazee, akafundisha fidla kwa watoto katika shule za Shetland, na miongoni mwa waliojifunza kwake ni Aly Bain, mpigaji mashuhuri aliyezaliwa mwaka 1946.

6. Upigaji unaoharibu

Lahani za aina hii huharibika kwa urahisi. Wapo wapigaji wanaodhani kwamba huzuni huongezeka kadiri mwendo unavyozidi kuburuzwa na sauti inavyozidi kutetemeshwa. Wapo pia wanaozivika lahani hizi sauti nzito za okestra, hata pumzi ya upinde isisikike tena. Katika hali zote mbili kujizuia kunatoweka, na badala ya huzuni hubaki tangazo la huzuni. Upigaji bora huacha mapigo ya dansi yasikike kwa mbali chini ya lahani. Msikilizaji akisahau kabisa kwamba watu waliwahi kucheza, hatajua ni kitu gani kilichopotea.

7. Hitimisho

Mifano hii mitatu inaonyesha kwamba mgawanyo wa fani na maudhui haufai kutumiwa hapa kama kisu. Ukiondoa umbo la lahani ya Gow, hakuna ujumbe utakaobaki mkononi. Huzuni yake imo katika kupanda, kushuka na kurudia. Lakini lahani ya Skinner inatahadharisha dhidi ya kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba umbo zuri halina historia. Wanafunzi wa fasihi simulizi, ambao mara nyingi huandika maneno ya wimbo na kuiacha sauti, wanaweza kujifunza jambo kutoka Uskoti: pale maneno yanapokoma, kazi ya uhakiki bado ipo, na maswali ya nani analiliwa na nani amesahauliwa hayana budi kuulizwa hata mbele ya fidla.