Inkisari Isiyo na Mshairi

Mtu anayetafuta programu huria za ramani huanza kuuliza habari za programu zenyewe: achukue GeoServer au MapServer ya kusambazia ramani mtandaoni, na PostGIS, hifadhidata ya ramani, itataka seva ya ukubwa gani. Mimi huanza na faili. Faili ina fani yake kama shairi, na fani hiyo ndiyo huamua maudhui gani yatavuka salama.

Tuchukue Tandale, Dar es Salaam, ambako wakazi na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingiza vichochoro katika ramani huria ya OpenStreetMap mwaka 2011. Tuseme mtu anaandaa jedwali la kaya za bondeni, ili ijulikane akina nani waokolewe kwanza Mto Ng'ombe ukifurika masika. Anaweka safu tatu: idadi_ya_watoto, idadi_ya_wazee, idadi_ya_wajawazito. Hakuna atakayekosea kuzisoma. Sasa alihifadhi kutoka programu ya QGIS katika umbo la faili liitwalo Shapefile, halafu alifungue upya. Safu ya kwanza inaitwa idadi_ya_w. Ya pili idadi_ya_1. Ya tatu idadi_ya_2. Tarakimu zote zipo, kaya kwa kaya, lakini atakayekabidhiwa jedwali hilo hawezi kujua kama 2 iliyoandikwa chini ya safu ni wazee wawili au wajawazito wawili.

Jedwali la Shapefile limerithiwa kutoka dBase, programu ya hifadhidata ya miaka ya 1980, na humo jina la safu halizidi herufi 10. Ukomo si kosa. Kila fani ina ukomo. Tazama lakini panga linapoangukia. Mwingereza huandika children_count. Ikikatwa inabaki children_c, na watoto wamepona. Kiswahili hutanguliza nomino kuu, kikaleta kifafanuzi nyuma ya a-unganifu: kwanza idadi, kisha ya, ndipo tuambiwe ya nani. Tena watu wa ngeli ya A-WA, wakiwa wengi, mara nyingi huingia kwa kiambishi kimoja, wa-. Kwa hiyo hata ile herufi ya kumi iliyonusurika haimtofautishi mtoto na mzee. Kilichokatwa ndicho hasa jedwali lilichoandaliwa kusema.

Washairi wetu wana jina la kufupisha neno ili mizani itimie: inkisari. Anayefanya inkisari husikiliza kwanza kama maana imebaki, na isipobaki hulitafuta neno jingine. Hapa hakuna aliyesikiliza. Kinachoniuma zaidi ni dawa ambayo wengi wamejizoeza nayo, kuzipa safu majina ya Kiingereza tangu mwanzo. Lugha inatolewa ndani ya jedwali kwa ajili ya herufi 10, na mjumbe wa shina akiletewa ramani anahitaji mkalimani ili asome habari za nyumba anazozijua kwa majina.

Ndiyo maana naichagua GeoPackage, umbo jingine la faili, bila kusita. Iliidhinishwa na OGC, shirika la viwango vya data za ramani, mwaka 2014, ndani yake ni hifadhidata ya SQLite, na jina refu linakaa lote. Ni faili moja. Shapefile ni faili tatu kwa uchache, .shp, .shx na .dbf, na anayetumiwa moja kwa simu hapati ramani. QGIS yenyewe, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018, hukupendekezea GeoPackage unapohifadhi. PostGIS nayo inapokea majina ya hadi baiti 63. Ila ukiiunganisha na GeoServer, angalia milango ya kutokea: ukiacha watu wapakue Shapefile, panga ni lile lile.

Umbo la tatu, GeoJSON, nalo halikati majina, na ni maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma kwa macho. Mtego wake ni mpangilio wa namba za mahali. Sisi tumezoea kutaja latitudo kwanza, yenyewe hutaka longitudo itangulie, na Dar es Salaam inaandikwa [39.28, -6.82]. Ukizigeuza haitalalamika, maana namba zote mbili ni halali. Jiji litahamia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno.

Nirudi mtoni. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ritifaa ndiyo alama inayofunga maandishi, hivyo jina la mto lazima liandikwe 'Mto Ng''ombe', ritifaa mbili mfululizo, la sivyo swali linakatikia kwenye Ng. Hilo mtu hujifunza siku ya kwanza. Gumu ni kwamba baadhi ya simu huweka ritifaa iliyopinda, na kibodi ya kompyuta kwa kawaida huweka iliyonyooka. Kwenye skrini ni rahisi tofauti kukupita; kwa PostGIS hiyo ni mito miwili. Ukiiomba ihesabu kaya zilizoandikiwa Mto Ng'ombe, itahesabu zile tu ambazo ritifaa yake inafanana na yako.