Mwisho wa Senema ya Awaara: Nasaba Mbele ya Hukumu

Wengi walioitazama Awaara, senema ya Kihindi ya Raj Kapoor iliyotoka mwaka 1951 na kupendwa mno katika pwani ya Afrika ya Mashariki, huuliza swali moja: ikiwa kosa la Raj lilitokana na dhuluma ya baba yake, mbona mahakama yamfunga miaka 3? Wako wanaouona mwisho huo kuwa ni ukatili. Wengine hujituliza kwa ahadi ya Rita kwamba atamngoja. Majibu yote mawili hayafiki kwenye kiini.

Kiini ni itikadi ya Jaji Raghunath, ambayo Waswahili huisema kwa methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa itikadi hiyo alimhukumu Jagga kwa kosa asilolitenda, kwa kuwa wazee wake walikuwa wahalifu; na Jagga akawa jambazi kweli. Kwa kisasi, Jagga naye akamtia Raj, mwana wa jaji, katika wizi, ili ithibiti kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mchezo mzima ni mashindano ya methali mbili.

Mashindano hayo si mageni Bagamoyo. Katika mji huo, kikomo cha misafara iliyotoka bara, mtu alipimwa kwa asili yake, muungwana au mtumwa. Na humo, tangu mwaka 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu walilea watoto waliokombolewa utumwani. Sheria ya mwaka 1922 iliufuta utumwa Tanganyika. Haikuweza kufuta desturi ya kuulizana ukoo.

Mtazamaji wa mji kama huo hakosi kuiona hitilafu: Raj ni mwana wa jaji. Mshika nasaba aweza kudai kwamba wema wake ni damu ya baba. Na jaji mwenyewe hajuti mpaka ajue kwamba mshtakiwa ni mwanawe. Hapo ndipo kifungo kipatapo maana. Lau Raj angaliachiliwa, nasaba ingalishinda: mwana wa mhalifu kafungwa, mwana wa jaji kasamehewa. Kwa hukumu ile, nasaba haimtii mtu hatiani, wala haimtoi.

Hata hivyo deni moja halikulipwa. Jaji aenda gerezani kupatana na mwanawe. Jagga, aliyedhulumiwa kwanza, amekwisha kufa kwa mkono wa Raj, wala hapana aliyemtaka radhi. Baba amemkubali mtoto wake; mtoto wa mwenziwe bado.