Betri Iliyohama Kimyakimya

Simu ya mezani ya zamani haikuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Wengi waliishi nayo miaka na miaka bila kujiuliza inakula nini. Mlishaji wake alikuwa kituo cha simu. Katika nyaya mbili nyembamba za shaba zilizoingia ndani ulipita umeme wa volti 48 hivi, kidogo lakini wa kudumu, kutoka kwenye safu za betri kubwa za risasi zilizopangwa kituoni. Nyuma ya betri hizo ilisimama jenereta ya dizeli. Mtaa mzima ukiingia gizani, simu iliendelea kulia.

Kampuni ya BT ya Uingereza ilipoanza kuwahamishia wateja wake kwenye simu za intaneti, malalamiko yalimiminika, na wengi waliyachukulia kuwa ukaidi wa wazee wasiopenda mambo mapya. Nikiuangalia mradi kwa jicho la fundi, naona wazee wale waligusa penyewe. Kazi ya kuiwezesha simu kuishi umeme ukikatika iliondolewa mikononi mwa kampuni ikawekwa sebuleni kwa mteja, na barua zilizotumwa nyumbani zilitumia nafasi kubwa kusifu usafi wa sauti.

Hata jina la huduma hiyo, Digital Voice, linachanganya. Msikilizaji anadhani kabla yake mtandao ulikuwa wa analojia mwanzo hadi mwisho. La hasha. Mitambo ya System X, iliyoanza kuwekwa Uingereza mwaka 1980, na ile ya AXE10 iliyofuata, ilikwishaigeuza sauti kuwa tarakimu ndani ya vituo, na kufikia 1998 BT haikuwa na kituo hata kimoja cha aina ya zamani. Kilichobaki cha analojia ni kipande cha mwisho tu, kutoka kituoni hadi mlangoni kwa mteja. Kwa hiyo sauti ya bibi wa kijijini ilikuwa ya kidijitali muda mrefu kabla hajaletewa ruta. Jipya katika mradi huu ni mahali pa kuigeuzia: zamani iligeuzwa kituoni, penye betri na jenereta, sasa inageuzwa ndani ya kijisanduku cha plastiki kinachotegemea soketi ya ukutani.

Ndani ya kijisanduku hicho kazi ni hii. Sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8, na vipimo vya milisekunde 20 vinafungwa pamoja kuwa pakiti moja. Pakiti 50 huondoka kila sekunde, kila moja ikijitafutia njia yake pamoja na filamu, barua pepe na michezo ya watoto wa jirani. Hesabu ya sauti yenyewe, biti 64,000 kwa sekunde, ni ileile iliyotumika ndani ya vituo vya zamani, ndiyo maana sioni haja ya kugombania ubora wa sauti. Ruta ikiwa nzima na mtandao ukiwa hai, simu ya intaneti inasikika vizuri, pengine kuliko ile ya shaba yenye viungo vilivyoingia maji ya mvua.

Shida ilianzia kwenye mambo madogo ya nyumbani. Simu sasa inachomekwa nyuma ya ruta, na ruta iko pale faiba ilipoingilia, mara nyingi sebuleni au kwenye ujia. Mgonjwa aliyezoea simu ya pili kando ya kitanda anakuta soketi ya chumbani imekufa, kwa kuwa nyaya za ndani ya nyumba zilichukua uhai wake kwenye laini ya nje ambayo haitumiki tena. Zile simu za kuzungusha namba kwa kidole, ambazo kituo cha zamani kilizielewa bila tabu, ruta nyingi hazizitambui kabisa. Dawa zipo: vifaa vya kuunganisha bila waya, simu za mkono za nyumbani, fundi wa kurekebisha nyaya. Lakini kila dawa ni kifaa kingine kinachotaka soketi nyingine ya umeme.

Halafu kuna kengele za dharura. Watu wapatao milioni 1.8 nchini Uingereza, kwa takwimu za serikali, wanategemea kidude cha kuvaa shingoni au mkononi ambacho mtu akianguka anakibonyeza, na kisanduku kilichounganishwa na laini ya simu kinapiga kwenye kituo cha wasaidizi. Vingi vya visanduku hivi havikutengenezwa kwa ajili ya pakiti. Vinazungumza kwa milio mifupi, kituo kinaitikia kwa milio, na pande zote mbili zinahesabu urefu wa kila mlio. Pakiti moja ikipotea, sikio la binadamu halishtuki, maana ubongo unaziba pengo. Mashine haizibi kitu. Ikisikia mlio uliokatika katikati, au uliorefushwa na mfumo unaosawazisha ucheleweshaji wa pakiti, inauhesabu kuwa kosa na kuanza upya. Kengele iliyofaulu majaribio leo inaweza kushindwa kesho kutwa mtandao ukielemewa, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kuijaribu mara moja tu na kutangaza kuwa kazi imekwisha.

Kipimo halisi kilikuja na upepo. Usiku wa tarehe 26 Novemba 2021 dhoruba iliyopewa jina la Arwen ilipiga kaskazini mwa Uingereza na mashariki ya Uskoti. Kaya zaidi ya milioni moja zilikosa umeme, na karibu 4,000 zilikaa gizani kwa zaidi ya wiki. Ni kweli miti iliangukia nguzo za simu pia, kwa hiyo shaba nayo haikupona kila mahali. Ila waliokwishahamishiwa kwenye intaneti walipoteza simu pale tu taa zilipozimika, hata kama waya wao ulikuwa mzima. Wakageukia simu za mkononi. Baadhi ya mabonde hayana mtandao hata siku ya jua kali, na minara yenyewe ilizimika umeme ulipokosekana.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu ataguna. Kampuni za simu za Afrika Mashariki zilijenga minara zikijua umeme wa gridi utakatika, kwa hiyo jenereta na betri chini ya mnara ziliingia kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Uingereza ilijenga kwa imani kwamba umeme upo daima, kisha ikauvunja mtandao pekee ambao haukuwa na imani hiyo.

BT ilisitisha uhamishaji mwishoni mwa Machi 2022, ikakiri hadharani kwamba haikupima vya kutosha usumbufu ambao ungewapata wateja, na ikaahidi kurudi na vifaa bora zaidi, zikiwemo betri za akiba na simu zinazoweza kuhamia mtandao wa mkononi. Kazi ilianza tena majira ya joto ya 2023, mkoa kwa mkoa.

Lakini kanuni ya betri haikubadilika. Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilikwishatoa mwongozo mwaka 2018: mtoa huduma awe na njia ya kumwezesha mteja kupiga simu ya dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme ukikatika, na njia hiyo iwe bure kwa anayeitegemea simu ya mezani. Saa moja! Kwa aliyekaa gizani wiki nzima hiyo ni dhihaka. Marekani ilichagua hesabu nyingine. Kanuni ya mwaka 2015 ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ilizitaka kampuni ziwe na betri ya saa 8 kwa mteja anayeitaka, na ndani ya miaka mitatu saa 24, ila mteja ailipie. Wamarekani walikwishaonja jambo hili mapema. Baada ya kimbunga Sandy cha 2012 kuharibu nyaya za kisiwa cha Fire Island, New York, kampuni ya Verizon ilikataa kurudisha shaba, ikaleta kifaa kisichotumia waya kiitwacho Voice Link. Wakazi walipiga kelele mpaka, mwaka 2013, kampuni ikakubali kuwapelekea faiba.

Mwongozo wa Uingereza una tundu ambalo namba ya saa haiwezi kuliziba. Ili kampuni imfikishie betri anayeistahili, sharti kwanza imjue. Laini ya shaba haikumuuliza mtu kama ana kengele shingoni; ilimhudumia tu. Kampuni ya simu kwa kawaida haina orodha ya wenye kengele, kwa maana vifaa hivyo hutolewa na halmashauri, vyama vya nyumba na wafanyabiashara wengine. Kwa hiyo ulinzi wote ukasimama juu ya barua: mteja aisome, aielewe, ajitambue kuwa yuko hatarini, apige simu aseme. Na anayelengwa ndiye mwenye nafasi ndogo kuliko wote ya kufanya hayo. Matokeo yake, Desemba 2023, baada ya matukio mazito ya watumiaji kubonyeza vidude vyao na kengele zisiite, serikali iliziita kampuni kubwa zikasaini hati ya kutowahamisha kwa lazima bila kuhakikisha usalama wao. Mwezi uliofuata Ofcom ilifungua uchunguzi dhidi ya kampuni ya Virgin Media kuhusu uhamishaji huo. Mei 2024 tarehe ya kuzima mtandao wa kale ikasogezwa kutoka Desemba 2025 hadi 31 Januari 2027.

Simtetei anayetaka shaba idumu milele. System X ni mtambo wa enzi za ujana wa wahandisi wanaostaafu sasa, na vipuri vyake havitengenezwi tena. BT ilijaribu kuachana nao tangu 2004 kwa mradi uliojulikana kama 21CN, ikaanza na eneo la Cardiff, kisha sehemu ya simu ikafifia njiani. Mtambo ulizeeka miaka mingine ishirini.

Kinachoniudhi ni kwamba njia ya tatu ilikuwepo. Openreach, tawi la BT linalomiliki nyaya, sasa linatoa laini ya mpito ambayo ugeuzaji wake wa sauti unafanyika kwenye kifaa kipya kilichowekwa kituoni. Kutoka hapo hadi nyumbani umeme unapita kwenye shaba ileile, simu ya zamani inabaki kwenye soketi yake ya zamani, na kengele inaona laini iliyoizoea. System X inaweza kuzimwa kesho na mteja huyo asijue. Laini hiyo imekuja wakati wateja wengi walikwishahamishwa, wanaopewa ni wachache, hasa wasio na intaneti na wenye kengele, na ni ya muda tu, maana vingi vya vituo vyenyewe vimepangwa kufungwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2030. Vituo vikifungwa, betri zake zitaondoka navyo, na mwongozo wa Ofcom bado unasema saa moja.