Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Kabla ya kulipia pipa, Mwalimu aliingiza kichwa ndani akalinusa. Tulikuwa soko la Kibuye, Kisumu, jua la saa nne limeshapamba moto, na muuzaji alikuwa na haraka. Mwalimu hakuwa nayo. Alinusa la kwanza akalirudisha, la pili akalirudisha, la tatu akatikisa kichwa kukubali.

"Hili lilibeba maji ya matunda," aliniambia. "Lililobeba dawa za kiwandani silitaki, hata lioshwe mara mia. Sabuni inaweza kunificha, samaki hatanificha."

Ni mwalimu mstaafu wa sayansi, na hajawahi kufuga samaki maishani mwake. Sasa anataka kufuga ngege na kukuza mboga kwa maji yaleyale, katika chumba cha nyuma cha nyumba yake Nyalenda. Wataalamu wanauita ufugaji huo akuaponiki. Ziwa Victoria liko karibu, lakini nje kuna ndege fundichuma na kenge, wawindaji hodari wa samaki, na kuna mbu, ambao katika mji wenye malaria kama Kisumu hawafai kuongezewa dimbwi. Chumba kina dirisha linalotazama mashariki, lenye wavu, na jua la asubuhi linaingia hadi katikati ya sakafu.

Alianza kwa kukata. Pipa moja la lita 200 aliliondoa kifuniko. Hilo ndilo nyumba ya samaki. La pili alilizungushia uzi, akafuata uzi kwa chaki, akalipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Nusu yake ndiyo shamba. Kingo alizipiga msasa mpaka akaweza kuzipitishia kiganja bila kukwaruzwa. Kisha akaunda meza ya mbao nene, ndefu kuliko pipa la samaki, akaweka pimamaji juu yake. Kiputo kilisogea kidogo kushoto. Akachonga kabari nyembamba, akaisukuma chini ya mguu mmoja, akapima tena, akaitoa, akaipunguza. Nusu pipa likijaa kokoto na maji huzidi kilo 150, na mzigo huo ukilalia upande mmoja, mizizi ya upande wa pili hukosa maji.

Kokoto nazo zilikuwa na mtihani wao. Alichagua chache, akazikaushia kwenye gazeti, akakamulia limau juu ya kila moja na kuinamisha sikio. Jiwe lenye chokaa hutoa mapovu kwa asidi, na chokaa hiyo huendelea kuyabadilisha maji kwa miezi. Zake zilinyamaza. Ndipo akaziosha, karai baada ya karai, mara saba, mpaka maji ya mwisho yakawa meupe kama yalivyotoka mferejini.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ile wanayoiita kengele. Chini ya nusu pipa alitoboa tundu, akafunga kiungio chenye raba, akasimamisha bomba la inchi moja. Juu yake alifunika bomba nene zaidi, lililozibwa juu na kukatwa meno chini, kisha akalizungushia bomba la tatu lenye matundu ili kokoto zisiingie. Pampu ndogo inapandisha maji kutoka kwa samaki. Maji yanajaa polepole kati ya kokoto, yanafika kwenye mdomo wa bomba la ndani, yanaanza kumwagika, na mara yanavuta mengine yote nyuma yake mpaka hewa inapoingia kwenye meno na kuukata mvuto. Mizizi inakunywa, halafu inapumua. Hakuna swichi wala saa inayoongoza kazi hiyo.

Mara ya kwanza maji yalichuruzika tu, yasivute. Mwalimu alikaa kwenye kigoda akitazama. Aliongeza kiwiko mwishoni mwa bomba la kutokea. Yakavuta, lakini hayakukata. Alilichomoa bomba la kengele, akayarefusha meno kidogo kwa msumeno, akalirudisha. Bado. Akayarefusha tena. Jaribio la nne, maji yalijaa, yakashuka kwa kishindo, yakakoroma, yakakata. Alitazama saa yake: dakika kumi na mbili. Alingoja mzunguko wa pili na wa tatu kabla ya kusema, "Sawa."

Nilidhani kesho yake tutaleta samaki. Kumbe kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Maji ya mfereji yalizungushwa siku mbili ili klorini itoke. Kisha kila asubuhi Mwalimu alitia chembe chache za chakula cha samaki katika pipa lisilo na samaki. Chakula kikioza hutoa amonia, sumu ileile inayotoka kwa samaki wenyewe. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni mbolea. Viumbe hao hawaonekani kwa macho, na huchukua wiki nne hadi sita kushika makao kwenye kokoto.

Alikuwa na daftari la shule lenye safu tatu. Kila jioni alitia maji kwenye kichupa, akadondosha dawa, akakiinua mbele ya karatasi nyeupe. Siku ya 6 amonia iligeuka kijani. Siku ya 15 nitriti ikawa zambarau. Siku ya 24 amonia ilirudi manjano. Siku ya 36 nitriti ilirudi buluu hafifu, na nitrati ikakolea wekundu. Kwa siku hizo zote hakukuwa na cha kumwonyesha mgeni ila kokoto zilizolowa, na hakuna ukurasa alioruka.

Vifaranga walikuja alfajiri: kumi tu. Mwongozo wa FAO wa mwaka 2014 unashauri kilo 10 hadi 20 za samaki kwa lita 1,000, na yeye alipiga hesabu ya siku watakapokuwa wakubwa. Mfuko wao aliuacha uelee majini, akawa anawaongezea maji ya pipa kikombe kwa kikombe. Kisha akaosha udongo kwenye mizizi ya miche sita ya sukuma wiki na minne ya managu, akaipanda. Stima ikipotea, huchota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili samaki wapate hewa.

Miaka ya 1990 gugumaji lilifunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, likinenepeshwa na mbolea na maji machafu yanayoingia ziwani. Rutuba ya namna hiyohiyo, katika chumba hiki, inakuwa mboga, kwa kuwa kuna mtu anayeipima kila jioni.

Nawe ukitaka kuanza, anza na pipa moja na daftari moja. Usinunue samaki mpaka amonia na nitriti zisome sufuri.