Kizunguzungu cha kitandani: dawa ni pembe ya kichwa

Mtu anajigeuza kitandani alfajiri, chumba kizima kinazunguka. Anashikilia godoro kwa mikono miwili. Haipiti dakika, kimetulia. Akijigeuza tena upande uleule, kinaanza upya. Wengi hudhani ni presha au malaria. Lakini kizunguzungu kinachofuata mkao wa kichwa hivi, mara nyingi huletwa na chembe za chokaa zilizobanduka mahali pake ndani ya sikio, zikaingia katika mmoja wa mifereji mitatu inayotupa msawazo.

Chembe hizo hazitolewi kwa kidonge, hutolewa kwa uzito wake zenyewe. Mwaka 1992 Dakta John Epley wa Portland, Marekani, alichapisha mfululizo wa mikao ya kichwa inayoziteremsha hatua kwa hatua, mpaka zimwagike nje ya mfereji.

Mgonjwa anaweza kujifanyia mwenyewe? Anaweza. Mwaka 2004 Andrea Radtke na wenzake nchini Ujerumani waliwapa wagonjwa 70 mazoezi ya kufanya nyumbani, baadhi mtindo wa Epley, wengine mtindo wa Mfaransa Semont. Baada ya wiki moja, asilimia 95 ya kundi la Epley hawakuwa tena na kizunguzungu. Kwa Semont ni asilimia 58. Linalonigusa zaidi ni hili: katika kundi la Semont, kutopona kulihusiana na kukosea zoezi lenyewe.

Zoezi la Epley hufanywa hivi. Tuchukue sikio la kulia. Ukiwa umeketi kitandani, geuza kichwa kulia nyuzi 45, yaani katikati ya kutazama mbele na kutazama bega. Kipimo hicho kina sababu: mfereji wa nyuma, ambao ndio huathirika mara nyingi, umekaa mshazari ndani ya fuvu, na nyuzi 45 zinaulinganisha na mwendo wa kulala chali. Ukilala bila kugeuza kichwa, chembe hazisogei inavyotakiwa.

Kisha lala chali, mto ukiwa chini ya mabega, kichwa kikining'inia nyuma kidogo. Hapa ndipo wengi huharibu. Mto huwekwa chini ya kichwa kwa mazoea, au godoro la sponji linaumeza na kichwa kinabaki sawa na kifua. Wapo pia wanaoinua shingo kutazama maelekezo kwenye simu, na chembe zinarudi zilikotoka. Mtu mwingine na asome kwa sauti. Subiri sekunde 30, au zaidi kama chumba bado kinazunguka.

Bila kuinua kichwa, kigeuze kushoto nyuzi 90. Subiri tena. Halafu jigeuze mwili mzima ulalie ubavu wa kushoto, pua ielekee sakafuni. Shingo peke yake haifiki huko. Bega lisipofuata, uso unabaki kutazama ukuta na chembe zinakwama karibu kabisa na mlango wa kutokea. Baada ya sekunde 30 nyingine, inuka kwa ubavu huo huo, kidevu kikiwa karibu na kifua.

Wagonjwa wa Radtke walirudia mara tatu kwa siku mpaka zipite saa 24 bila kizunguzungu.

Kosa moja halirekebishwi na pembe yoyote, nalo ni kutibu sikio lisilohusika. Sikio lenye tatizo kwa kawaida ni lile ambalo ukilala chali kichwa kimegeukia upande wake, mzunguko unakuwa mkali. Kama pande zote mbili zinazungusha, huenda chembe zimo katika mfereji mwingine unaohitaji mikao tofauti. Afadhali daktari wa masikio akupime kwanza, kisha uendelee nyumbani.

Mwenye maradhi ya shingo asijaribu peke yake. Na kizunguzungu kikija pamoja na ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au maumivu makali ya kichwa, acha mazoezi haya na uwahi hospitali saa hiyohiyo.